Kuvuka Tunduma au Kasumulu na begi mgongoni: mihuri miwili, saa mbili, kwacha mbili

Anayetoka Mbeya kwenda nchi jirani kwa barabara ana milango miwili mikubwa. Wa magharibi ni Tunduma, unaokuingiza Nakonde, Zambia. Wa kusini ni Kasumulu, wilayani Kyela, ambako unavuka mto Songwe na kuingia Malawi. Yote miwili inafikika kwa asubuhi moja, na yote miwili ina sifa mbaya kuliko inavyostahili. Anayekwama pale mara nyingi hajakwamishwa na afisa. Amekwama kwa sababu kuna kipande cha safari alichomwachia mtu mwingine amshikie: tiketi ya ng'ambo, pasipoti, hela, au saa. Kwa hiyo ikate safari mpakani. Lipa nauli ya kukufikisha mpakani tu, shuka, vuka kwa miguu yako na pasipoti mkononi mwako, halafu ndipo uanze kulipa upya.

Kabla ya kutoka Mbeya

Kitambulisho cha NIDA kinatosha kusajili laini, hakitoshi kukuingiza Zambia wala Malawi. Unahitaji pasipoti, au kama muda umekubana, hati ya dharura ya safari kutoka ofisi ya Uhamiaji, ambayo ni ya safari moja tu. Wakazi wa mpakani wana utaratibu wao wa kwenda sokoni na kurudi siku hiyohiyo. Usimwone mama wa Tunduma anapita na beseni lake kichwani ukadhani na wewe utamfuata hivyohivyo hadi Lusaka.

Fungua pasipoti uangalie vitu viwili. Kwanza tarehe ya mwisho: iwe imebakiza miezi sita au zaidi. Pili kurasa tupu. Kwenda na kurudi kwa njia ileile ni mihuri minne. Ukizunguka, yaani kutoka kwa Tunduma, kupita Zambia hadi Chipata, kuingia Malawi kwa Mchinji na kurudi kwa Kasumulu, ni mihuri sita. Kuna maafisa wanaogonga kila muhuri katikati ya ukurasa mpya kana kwamba wanatundika picha ukutani, kwa hiyo kurasa mbili zilizobaki zinaweza kukuishia njiani.

Mtanzania anayekwenda kutembea haombi viza, si Zambia si Malawi. Afisa humwandikia siku za kukaa, na siku hizo ndizo zako hata kama ulisikia kwamba raia wa nchi za SADC hupewa miezi mitatu. Zisome ukiwa bado dirishani. Kama alikuandikia 14 na wewe unahitaji 30, ni rahisi kumwomba hapohapo. Ukishafika Mpika, ndani kabisa ya Zambia, ukaanza kuhesabu, itabidi utafute ofisi ya Uhamiaji ya huko uombe nyongeza kabla siku hazijaisha. Kama una mwenzako wa taifa lingine, yeye aangalie masharti ya pasipoti yake mwenyewe. Kusafiri na Mtanzania hakumpunguzii chochote.

Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano ibebe hata kama hujasikia anayeulizwa. Dawati la afya huamka siku moja likamwuliza kila mtu. Kadi inahesabika kuwa halali siku 10 baada ya kuchomwa sindano, kwa hiyo kuchanjwa jioni ya kuamkia safari hakukusaidii. Na tangu tarehe 11 Julai 2016, kwa kanuni za Shirika la Afya Duniani, chanjo moja inatosha maisha yote. Ukiambiwa kadi yako ya mwaka 2012 imekwisha muda kwa kuwa imepita miaka 10, eleza hilo kwa upole na usikubali "kusaidiwa" kwa malipo.

Mfuko wa dawa unastahili dakika tano za peke yake. Zambia ina sheria kali kuhusu dawa ambazo sisi huzinunua duka la dawa bila kufikiri. Dawa za kikohozi zenye codeine, na za mafua na mzio zenye diphenhydramine, zimewafikisha wasafiri mahabusu. Soma maandishi madogo kwenye boksi. Dawa unayoihitaji kweli iache kwenye boksi lake pamoja na cheti cha daktari, na usiyoihitaji iache nyumbani. Acha pia begi, kofia au suruali ya madoadoa ya kijeshi. Inauzwa mitumbani Mwanjelwa na inaonekana nzuri kwa safari za porini, lakini raia kuvaa sare za namna hiyo ni kosa pande zote mbili za Tunduma.

Chakula kiwe cha kula njiani tu. Kwa anayepitia Kasumulu jambo hili lina historia ya karibuni: Machi 2025 Malawi ilizuia kuingiza bidhaa kadhaa za shambani, ukiwamo mchele na ndizi, na Aprili Tanzania ikajibu kwa kuzuia mazao ya Malawi, kabla ya pande mbili kukaa mezani. Kilo tano za mchele wa Kyela ulizombebea rafiki wa Mzuzu, au mkungu wa ndizi za Tukuyu, ni njia ya kujitafutia mjadala na watu wa forodha ambao hukuwa na haja nao.

Saa zinazowachanganya hata wenyeji

Tanzania iko saa moja mbele ya Zambia na Malawi. Mbeya ikiwa saa 2 asubuhi, Nakonde na Karonga ya Malawi ni saa 1 asubuhi. Hilo kila mtu hulisikia na kuliitikia kwa kichwa. Shida ni kwamba linakutana na jambo la pili: sisi tunahesabu saa kuanzia alfajiri, wao wanahesabu kuanzia usiku wa manane.

Nakonde Kiswahili kinasikika sana, na wapiga debe wengi watakuita kwa Kiswahili. Akikwambia "basi linatoka saa tisa", amekuambia nini? Huenda ni saa tisa alasiri ya Tanzania. Huenda ni saa tisa alasiri ya Zambia, ambayo kwako ni saa kumi. Huenda amefasiri tu tarakimu tisa kutoka Kiingereza, yaani 9:00 asubuhi ya kwao, ambayo kwako ni saa nne asubuhi, au 21:00, ambayo kwako ni saa nne usiku. Neno moja, majibu manne, na nauli hairudi. Wazambia wenyewe hupenda kutaja muda kwa mtindo wa saa 24, kwa hiyo mwombe aandike kwenye karatasi au nyuma ya tiketi: 15:00. Halafu ongeza moja mwenyewe kupata saa ya Tanzania: 16:00, saa kumi jioni.

Simu nayo inadanganya. Tunduma na Nakonde zimeungana kama mtaa na mtaa, na minara haijui mpaka. Ukiwa umelala gesti ya Tunduma simu inaweza kudaka mnara wa Zambia usiku na kujirudisha nyuma saa moja, ukaamka umechelewa kosta ya alfajiri. Nenda kwenye mipangilio uzime kubadilika kwa saa kwenyewe, iache kwenye saa ya Tanzania, na ubadilishe kwa mkono baada tu ya muhuri wa pili kugongwa. Kati ya Zambia na Malawi hubadilishi kitu.

Tunduma

Kutoka Mbeya mjini ni kilomita 100 na kidogo kwa barabara kuu ya Zambia, kupitia Mbalizi, Mlowo, Vwawa na Mpemba. Kosta na mabasi hutoka siku nzima. Weka saa mbili hadi tatu, na panda la saa kumi na mbili asubuhi kama unataka kulala mbali ng'ambo. Kinachokula muda ni pande mbili za njia: kutoka ndani ya Mbeya kwenyewe, ambako malori, bajaji na kazi za kupanua barabara vinagombea lami, na kuingia Tunduma, ambako foleni ya malori inaweza kuanzia mbali kabla ya mji. Ukiona malori yamezima injini upande wa kushoto na madereva wamewasha jiko la chai kando ya tairi, foleni haitasogea leo. Kosta ikishindwa kupenya, shuka uchukue bodaboda, na mtajie mahali kamili: jengo la Uhamiaji mpakani. Ukimwambia "mjini" atakushusha sokoni, na kutoka hapo utaanza kuongozwa na kila mwenye mdomo.

Anayetoka Iringa asijaribu kuunganisha kwa siku moja. Kutoka Ipogolo hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 300 kupitia Mafinga, Makambako na Chimala, na mabasi ya Dar hupita Iringa yakiwa tayari na nusu ya siku mgongoni. Lala Mbeya. Tunduma ina gesti tele, lakini ni mji wa honi na injini usiku kucha, na kufika mpakani giza limeingia ndiko kunakokukutanisha na wale usiowahitaji.

Sasa jengo lenyewe. Tangu Oktoba 2019, Rais Magufuli na Rais Lungu walipokifungua, mpaka huu ni kituo cha huduma za pamoja. Kanuni yake ni fupi: shughuli zote za nchi mbili hufanyika upande wa nchi unayoingia. Unayekwenda Zambia hugongi muhuri Tunduma. Unavuka hadi jengo la Nakonde, na ndani yake kuna maafisa wa Tanzania wanaokutoa na maafisa wa Zambia wanaokuingiza. Unayerudi, kila kitu ni jengo la Tunduma.

Asiyejua hili ndiye chakula cha vishoka. Unapita jengo la Tunduma unaona hakuna anayekusimamisha, moyo unaanza kudunda, na mtu mwenye kitambulisho kinachoning'inia shingoni anakuita: "Bosi, umepitiliza, hujagongewa ya kutoka. Nipe pasipoti nikakimbie nayo." Hujapitiliza chochote. Pasipoti haitoki mkononi mwako mpaka iwe inaingia kwenye tundu la kioo, mbele yako, kwa mtu aliyekaa upande wa pili wa kaunta.

Utaratibu wa ndani ni huu: dawati la afya kama lipo kazini, dirisha la Uhamiaji Tanzania kwa muhuri wa kutoka, dirisha la Uhamiaji Zambia kwa muhuri wa kuingia, kisha forodha kwa macho ya haraka kwenye begi. Usiondoke hadi umeiona mihuri miwili yenye tarehe ya leo. Wino hafifu usiosomeka mwombe arudie palepale, maana usiosomeka leo ni sawa na usiokuwapo siku ya kurudi.

Hatari kubwa ya Tunduma ni wepesi wake. Hakuna ukuta. Mitaa inaendelea, maduka yanaendelea, na unaweza kununua maandazi Tanzania ukayanywea chai Zambia bila kuona tofauti zaidi ya bei. Ukijikuta katikati ya soko la Nakonde na pasipoti haina muhuri, usipande basi, usitafute gesti, rudi mara moja hadi jengo la pamoja useme ulivyopotea. Dakika ishirini baada ya kosa ni kupotea njia. Kizuizi cha polisi njiani kuelekea Chinsali ni kuingia nchi bila kibali, na hapo maelezo yako yatasikilizwa ukiwa umeshashushwa kwenye basi.

Maswali ya afisa wa Zambia ni yaleyale, kwa Kiingereza: unakwenda wapi, utalala wapi, siku ngapi, una hela kiasi gani, nyumbani unafanya kazi gani. "Natembea tu" ni kweli, lakini si jibu. Andika kwenye karatasi jina la gesti ya usiku wa kwanza, mji na namba yake ya simu, na uwe na tarehe ya kurudi hata kama utaibadilisha. Muhuri wa matembezi hauna bei. Ukitajiwa malipo, uliza risiti ya serikali kwa sauti ya kawaida, bila kebehi, usubiri. Mara nyingi malipo hayo husahaulika.

Ng'ambo, Lusaka bado ni kama kilomita 1,000: Chinsali, Mpika, Serenje, Kapiri Mposhi, Kabwe. Ni safari ya mchana na usiku, na basi huweza kuondoka muda mrefu baada ya ule ulioandikwa likisubiri mizigo ya wafanyabiashara. Nunua tiketi ofisini, ukiwa umelitazama basi lenyewe kwa macho, na uliza kama kiti kina namba. Tiketi ya Nakonde–Lusaka iliyouzwa Mbeya na mtu wa stendi ni karatasi tu. Begi kubwa litakwenda chini na kulaliwa na magunia, kwa hiyo pasipoti, hela, chaja, maji na sweta viwe kwenye mkoba wa mapajani. Kwa mwenye siku nyingi, kuvunja safari Mpika ni uamuzi mzuri kuliko kufika Lusaka saa nane za usiku huku shingo haigeuki. Anayekwenda Ndola au Kitwe hana haja ya kufika Lusaka kabisa: njia yake inachepuka Kapiri Mposhi.

Treni ya TAZARA nayo hupita Mbeya na Tunduma kwenye reli yake ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Kwa anayeipenda reli ni raha, ila ratiba ya treni za abiria imekuwa ikiyumba. Usipange kwa ratiba uliyoiona mtandaoni. Nenda kituoni, kando ya barabara kuu ya kutokea mjini kwenda Tunduma, uulize dirishani treni iko wapi leo.

Kasumulu

Anza kwa kusahau neno Songwe. Wamalawi wanauita mpaka huu Songwe kwa jina la mto. Ukilitaja Mbeya, mmoja atakuelekeza uwanja wa ndege, mwingine mkoa ambao makao yake ni Vwawa, na kuna mto mwingine wa jina hilohilo unaokwenda ziwa Rukwa. Yote iko magharibi, na wewe unakwenda kusini. Sema Kasumulu.

Gari za upande huu zinatoka stendi ya Nane Nane, kama kilomita 10 mashariki ya katikati ya mji. Stendi kuu atatokea mtu wa kukuuzia basi la moja kwa moja hadi Karonga au Lilongwe. Utalipa, utapandishwa kosta ya kawaida ya Kyela, na mpakani "mwenzake anayekusubiri" hatakuwapo.

Swali la kuuliza kabla hujakaa: "Hii inafika Kasumulu penyewe, au inaishia wapi?" Waulize abiria wawili watatu waliokwisha kaa, hasa wenye mizigo. Mpiga debe usimuulize, kwa sababu yeye jibu lake ni ndiyo kabla hujamaliza swali. Zipo zinazoishia Tukuyu, ambako bado una kama kilomita 40. Zipo zinazokuacha Ibanda, kilomita kama 7 kabla ya mpaka, na hapo boda au bajaji inamalizia, kwa hiyo weka noti ndogo mfukoni. Na zipo zinazokwenda Kyela mjini. Hizo si mbaya, lakini lazima ushuke njia panda, usisinzie hadi stendi ya Kyela.

Njia yenyewe ni nzuri kuitazama na mbaya kwa tumbo jepesi. Mbeya iko kwenye mita 1,700 na ushei. Unapita baridi na ukungu wa Rungwe, halafu unateremka kona baada ya kona hadi uwanda wa ziwa, kwenye mita 500 hivi, joto la kukamua shati. Mvua ya Tukuyu haisubiri msimu, kwa hiyo nailoni ya kufunika begi iwe juu ya kila kitu, hasa kama begi linafungwa kwenye keria. Sweta ulilovaa Uyole, pembeni ya Mbeya, utalivua Kyela. Dawa ya mbu itoe karibu, na kati ya Machi na Mei uliza hali ya mafuriko kabla ya kuondoka.

Mpakani boda atakuambia anaweza kukupitisha hadi ng'ambo. Shuka getini, lipa, agana naye. Tafuta Uhamiaji ya Tanzania kwa muhuri wa kutoka, kisha Uhamiaji ya Malawi kwa muhuri wa kuingia. Ni ileile hesabu ya mihuri miwili, na usiweke mguu kwenye gari lolote kabla ya wa pili. Kiangazi mto hupungua na watu huvuka kwa mahali wanapopajua. Ni jirani wanaokwenda shambani au msibani, wanajulikana kwa sura, na wewe begi lako linakutangaza kutoka mbali. Picha ya daraja iache, hata ikipendeza namna gani.

Kasumulu si mpaka wa usiku. Lenga kuwa umemaliza mihuri yote kabla ya saa sita mchana ya Tanzania, ili magari ya Karonga yawe bado mengi.

Kiingereza ndicho cha ofisini, lakini nje ya dirisha anayejua Kinyakyusa yuko nyumbani, kwani Wangonde wa Karonga na Wanyakyusa wa Kyela wanasikilizana. Hata usiyejua, "ndaga" ya shukrani inafungua nyuso. Upande wa Tunduma Kinyamwanga kinafanya kazi hiyohiyo. Jambo moja la kuepuka kwenye dirisha la Malawi: ukiulizwa unakwenda wapi, jibu kwa jina la mji, Nkhata Bay au Chitimba, na usitaje jina la ziwa. Sisi tunaliita Nyasa, wao wanaliita Malawi, na mjadala huo umewashinda mabalozi.

Hadi Karonga ni kilomita 45 hadi 50 kwa teksi za kuchangia, basi dogo au matola, yaani pikapu ya kupakia watu nyuma. Vizuizi vya polisi vipo, pasipoti ikae karibu. Hapa jambo la kuuliza mapema ni mafuta: mwaka 2024 na 2025 Malawi ilikumbwa na uhaba mkubwa wa petroli na dizeli, na hali hiyo ikija magari hupungua na nauli hupanda ndani ya siku moja. Waulize madereva wa malori wanaotoka ng'ambo kabla hujavuka. Kama foleni za vituo ni za kulala, jipe siku mbili za ziada na hela ya nauli mara mbili.

Kwacha mbili

Zambia wana kwacha, Malawi wana kwacha, na hizo ni hela mbili zisizohusiana. Kwa bei za mwaka 2025 noti ya kwacha 100 ya Zambia ilizungukia shilingi elfu kumi. Noti ya kwacha 100 ya Malawi haikufika hata shilingi mia mbili. Mtu akikuchomekea ya pili katikati ya burungutu la kwanza jioni yenye giza, amekula chakula cha siku mbili. Njia ya kuzitofautisha haihitaji kusoma: noti za Zambia zina ndege, furukombe, usoni. Za Malawi zina sura za watu, kama mchungaji John Chilembwe. Unaingia Zambia na noti ina kichwa cha mtu? Rudisha.

Noti za zamani ni mtego wa pili. Zambia ilikata sifuri tatu kwenye hela yake mwaka 2013, kwa hiyo noti ya 50,000 ya kabla ya hapo ni kumbukumbu ya kutundika. Machi 2025 ikatoa tena mfululizo mpya, ukiwa na noti ya 500 kwa mara ya kwanza tangu sifuri zikatwe, na wa kabla yake ukapangiwa muda wa kuondoka sokoni. Ukipewa furukombe wa sura mbili tofauti, chukua zinazofanana na zile anazotoa muuza duka kama chenji siku hiyo.

Bora zaidi ni benki au mashine ya kutolea fedha, na Nakonde na Karonga zote zina benki. Ukilazimika kubadili kwa mtu wa mkononi, badili kiasi cha kukufikisha mji unaofuata tu, na fanya hivi. Angalia bei ya siku kabla ya kutoka Mbeya na uiandike. Piga hesabu kwenye simu yako. Kikokotoo cha mbadilishaji kinaweza kuwa kimefunzwa tabia. Mfano: kama kwacha moja ya Zambia ni shilingi 105, basi shilingi 100,000 ni kwacha 952. Akikupa 930 ni faida yake ya halali. Akikupa 800 ondoka. Pokea hela yake kwanza, ihesabu noti kwa noti mezani au juu ya begi, iweke mfukoni, ndipo utoe ya kwako. Akiomba azihesabu tena "kuna noti imezidi", mpango umeanza upya: hesabu upya na wewe, tangu ya kwanza. Msifanye hivi mkiwa mmezungukwa, na usifanye huku basi linapiga honi. Honi hiyo wakati mwingine imepangwa.

Hela iliyo kwenye simu itoe kwa wakala ukiwa bado upande wa Tanzania, maana baada ya kilomita chache laini yako haitakutii. Kifurushi cha ndani nacho hakivuki. Zambia ni +260 na Malawi ni +265. Zihifadhi namba za nyumbani kwa kuanzia na +255, la sivyo siku ya shida utapiga namba ya mtu mwingine.

Kurudi

Hapa saa inakunyang'anya ilichokupa. Ukitoka Karonga 14:00 ya Malawi, Tanzania tayari ni saa tisa alasiri. Ukimaliza foleni na kuvuka, Kasumulu ni jioni na kosta za kupanda Tukuyu zinakwisha. Toka Karonga asubuhi. Ukichelewa, lala Kyela, usipande milima ya Rungwe usiku kwenye gari la mwisho lililojaa.

Mifuko ya plastiki ya dukani itoe kwenye begi kabla ya kufika: Tanzania imeipiga marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, na katazo hilo ni kwa kila anayeingia. Muhuri wa kuingia nyumbani nao usiuruke kwa sababu ni kwenu. Pasipoti yenye kutoka bila kurudi itakuuliza maswali safari ijayo, siku ambayo basi la Nakonde limeshawasha injini.